Nina kila kitu cha dini isipokuwa moto. Je, bado nimelala?

"Nina miaka 47, Mlutheri wa Kagera. Nilibatizwa mtoto mchanga, nikapata kipaimara nikiwa na miaka 14. Naimba kwaya, ni mhazini wa kikundi cha wanawake, na bahasha yangu haijawahi kurudi tupu. Mdogo wangu aliokoka miaka mitatu iliyopita katika kanisa jipya mjini. Tangu hapo ananiambia nilicho nacho ni dini tu, kwamba ubatizo wangu ulikuwa kulowanishwa kichwa, na kwamba siku nitakayoamka nitajua tarehe na saa. Nilikwenda naye kwenye mkutano wa jioni, nikaitika mwito, nikaongozwa sala ya toba. Wenzangu walilia, wakaanguka, wakanena kwa lugha. Mimi nilisimama tu nikiwaza usafiri wa kurudi. Bibi yangu alikuwa mtu wa Uamsho, wale wa Tukutendereza, na alikuwa na kitu ambacho mimi sina. Sasa ni miezi miwili naamka saa tisa usiku na silali tena, chakula hakipiti, hata nyimbo nilizozipenda haziniambii kitu. Mdogo wangu anasema ni Mungu ananiamsha niombe. Kuna pia suala la mpaka wa kibanja na wifi yangu, hatusemeshani tangu 2019, lakini hilo ni la familia. Nauliza: niache kushiriki Chakula cha Bwana mpaka niamke kweli? Nibatizwe tena? Na nitajuaje kama nimeamka?"

Bwana asifiwe, dada. Umeuliza maswali matatu, ila chini yake naona hofu moja: kwamba miaka yote hii umekuwa ukimwigizia Mungu, na siku moja utaambiwa hukujulikana. Hofu hiyo haistahili kujibiwa kwa "usijali, endelea tu". Haistahili pia kujibiwa kwa kukuhamisha kutoka jengo moja kwenda jingine.

Nikujibu kwa ufupi kwanza ili usisome ukiwa roho juu. Usiache kushiriki kwa sababu tu huhisi kitu. Usibatizwe tena kwa kutafuta hisia uliyoikosa kwenye mkutano. Na kuamka kwenyewe hakupimwi kwa kile mlichokiona jukwaani. Lakini barua yako ina mambo mawili ambayo hukuyaulizia, usingizi wa saa tisa na wifi yako, nayo kwa maoni yangu ni mazito kuliko yale matatu uliyoyauliza. Nitayafikia.

Mdogo wako amesema nusu ya ukweli, nayo ni nusu nzito. Biblia haina huruma na ibada isiyofika moyoni. Isaya 1 inasema Mungu amechoshwa na makafara na sikukuu za watu ambao mikono yao imejaa damu. Amosi 5 inafika mahali pa kukataa nyimbo na vinanda, jambo ambalo sisi wanakwaya hatulisomi mara nyingi. Yoeli anawaambia watu wake, "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu". Paulo anamwonya Timotheo juu ya watu "wenye mfano wa utauwa, lakini wakikana nguvu zake". Kwa hiyo swali la mdogo wako ni halali. Mtu anaweza kuwa ndani ya kanisa tangu utoto na akawa hajaamka.

Nusu ambayo hakuisema ni kwamba manabii hao hawakuwaambia watu waache ibada. Waliwataka wailete pamoja na haki. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa kutoa zaka ya mnanaa na bizari huku wakiacha adili, rehema na imani, kisha akasema haya yaliwapasa kuyafanya, na yale ya kwanza wasiyaache. Soma Mathayo 23:23 polepole, utaona hakuifuta zaka. Na Luka 4:16 inatuambia aliingia katika sinagogi siku ya sabato "kama ilivyokuwa desturi yake". Bwana mwenyewe alikuwa na desturi. Neno "dini" nalo, ambalo siku hizi hutamkwa kama tusi, Yakobo analitumia kwa heshima kabisa: "Dini iliyo safi" ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao na kujilinda na dunia pasipo mawaa. Mtu akikwambia "hiyo ni dini tu", muulize anazungumzia dini ipi.

Sasa, ibada hukaukaje? Zipo njia tatu, nazo ni tofauti.

Ya kwanza ni mazoea, na haina dhambi ndani yake. Ukiimba wimbo mara mia mbili, mdomo unaujua bila kuuliza akili, na akili inapata nafasi ya kwenda sokoni. Nguvu ileile inayokuwezesha kuimba sauti yako bila kitabu ndiyo inayokuruhusu kutokuwepo unapoimba. Dawa yake ni ndogo: punguza mwendo, soma maneno kwa sauti kabla ya kuyaimba, badilisha mahali pa kukaa. Wala haikuhitaji uhame kanisa.

Ya pili ni watazamaji. Katika Mathayo 6 Yesu anataja sadaka, sala na kufunga, na kila mara anasema juu ya wanaofanya ili waonekane, "wamekwisha kupata thawabu yao". Wewe ni mhazini, utalielewa hili haraka: kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo ndicho walichokuwa wakikiandika kwenye stakabadhi za malipo za zama zile, maana yake "nimepokea yote". Mtu aliyetoa ili jina lake lisomwe, jina likasomwa, amekatiwa risiti yake. Hana anachodai tena.

Ya tatu ndiyo mbaya, nayo ni kubadilisha. Hapa mtu hutumia tendo moja la ibada kulipia tendo jingine analolikwepa. Anatoa zaka kamili ili asiulizwe mshahara wa msichana wa kazi. Anafunga siku tatu ili asiende kuomba radhi. Si mnafiki kwa maana ya kudanganya watu. Mara nyingi hajui kabisa anachofanya, na bidii yake ni ya kweli. Lakini kadiri bidii inavyoongezeka upande mmoja, ndivyo mlango wa upande wa pili unavyozidi kukomelewa, na moyo huanza kupoa bila yeye kuona sababu. Ukitaka kujua kama uko hapa, usiulize "nafanya mengi?" Uliza "ni jambo gani ambalo sitaki liguswe nikiwa kanisani?" Mara nyingi jibu huja kwa sentensi inayoanza na "lakini hilo ni la".

Niache hapo kidogo, twende kwenye machozi.

Ulisimama mbele ukiwaza usafiri, wenzako wakaanguka. Umehitimisha kwamba wao waliamka na wewe ukabaki. Kuna mtu aliyelichunguza suala hili kwa makini kuliko wengi, Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton, Massachusetts, ambaye usharika wake ulipitia uamsho mkubwa mara mbili katika miaka ya 1730 na 1740. Aliona vilio, kuzimia, furaha kubwa, na baadaye akaona nani alidumu na nani alirudi alikotoka. Mwaka 1746 alitoa kitabu chenye orodha mbili. Ya kwanza ni ishara 12 ambazo hazithibitishi kitu chochote: ukali wa hisia, mwili kutetemeka, ufasaha wa kusema mambo ya Mungu, mistari ya Biblia kuja ghafla akilini, kutumia muda mwingi katika ibada, hata kuwa na uhakika mkubwa kwamba umeokoka. Angalia vizuri, hakusema ishara hizo ni za uongo. Alisema hazikuonyeshi upande wowote, maana aliyeamka anaweza kuwa nazo na asiyeamka pia. Orodha ya pili ina ishara 12 zenye uzito, na ya mwisho, aliyoipa nafasi kubwa kuliko zote, ni mwenendo wa mtu unaodumu hata pale unapomgharimu.

Kwa hiyo usiku ule haukuthibitisha kwamba umelala, wala haukuthibitisha kwamba wenzako wameamka. Rudi uwatazame baada ya mwaka. Nawe utazamwe vivyo hivyo.

Kuhusu tarehe na saa: wapo walio nazo. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliandika kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu katika kikao kimoja barabara ya Aldersgate, London, tarehe 24 Mei 1738, yapata saa tatu kasoro robo usiku. Huwezi kupata ushuhuda wenye saa kamili kuliko huo. Lakini tarehe 4 Januari 1739, miezi saba na kitu baadaye, mtu huyohuyo aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Saa aliyoiandika haikumwondolea shaka. Upande wa pili yuko Timotheo, ambaye Paulo anaitaja imani yake kama iliyokaa kwanza katika nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, mtoto aliyeyajua Maandiko tangu utoto. Hakuna barabara ya Dameski katika habari zake. Paulo mwenye mwanga na sauti alimwita huyu mtoto wa kiume asiye na tarehe "mwanangu", wala hakumwomba ushuhuda wa pili. Na Yesu alipomweleza Nikodemo juu ya kuzaliwa mara ya pili, mfano aliouchagua ni upepo: sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka. Anayekudai saa ya upepo anakudai ambacho Bwana hakukidai.

Ubatizo. Hapa niwe mkweli: Wakristo hawakubaliani, na kutokubaliana huko ni kwa zamani na kwa heshima. Wabaptisti na Wapentekoste wengi wanasema imani hutangulia maji, hivyo mtoto mchanga hakubatizwa kweli. Walutheri, Waanglikana, Wakatoliki na Waorthodoksi wanasema ubatizo ni kazi ya Mungu kabla haujawa jibu la mtu, kwa hiyo haurudiwi. Augustino alilitetea hilo Afrika ya Kaskazini dhidi ya Wadonati, kundi lililobatiza watu upya, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Ukiwa umesoma, ukaomba, ukaridhika na hoja ya kwanza, hilo ni jambo la dhamiri, na litakuwa na gharama zake katika usharika wako. Zungumza na mchungaji kabla, si baada. Lakini hoja ya barua yako ni tofauti. Wewe unataka maji ya pili yafanye ambacho unahisi ya kwanza hayakufanya, na hilo hata Wapentekoste makini hawalifundishi. Kwao maji ni ushuhuda wa aliyekwisha kuamka. Soma Matendo 8: Simoni mchawi alibatizwa akiwa mtu mzima, kwa kukiri, na Filipo mwenyewe akiwepo. Muda mfupi baadaye anataka kununua Roho Mtakatifu kwa fedha, na Petro anamwambia moyo wake si mnyofu mbele za Mungu. Kisha soma Matendo 10, habari za Kornelio, mtu wa sadaka nyingi na sala za vipindi. Malaika alimkuta katika saa yake ya kawaida ya kusali, saa tisa ya mchana. Roho alimshukia kabla hajaguswa na tone la maji. Ndiyo kusema ratiba ya Kornelio haikumwamsha, lakini ilimkuta akiwa mahali pa kuitwa.

Swali la Chakula cha Bwana lina historia yake pia, na ni karibu sawasawa na lako. Oktoba 1739 kijana Mmoravian aitwaye Philipp Molther alifika London akawakuta watu wa kikundi cha Fetter Lane wanalia na kugumia, akaona imani yao haijatimia. Akawashauri watulie: wasishiriki, wasiende ibadani, wasisome, mpaka Mungu awape imani kamili bila kupitia njia hizo. Lilisikika kama unyenyekevu. Wesley alikaa nao, akabishana miezi kadhaa, na Julai 1740 akaondoka na waliomfuata. Hoja yake ilikuwa rahisi: mwenye njaa haambiwi asile mpaka njaa iishe. Meza ile ni njia ambayo Mungu humpatia mtu kile anachokikosa. Ukiifanya zawadi ya waliokwisha kupata, umeigeuza kichwa chini.

Na wewe ulikwisha kujifunza hili ukiwa na miaka 14. Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya 1529 ambayo watoto wa kipaimara huikariri, inauliza ni nani anayestahili kushiriki. Jibu lake ni kwamba kufunga na kuutayarisha mwili ni utaratibu mzuri wa nje, lakini anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno "kwa ajili yenu". Haikutaja machozi. Na katika ufafanuzi wa sehemu ya tatu ya Imani, mtoto hufundishwa kukiri kwamba kwa akili zake wala nguvu zake hawezi kumwamini Yesu Kristo, bali Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Ulikariri sentensi hiyo labda kwa kuogopa mwinjilisti. Isome tena leo ukiwa na miaka 47. Ni sala ya mtu asiyehisi kitu.

Sasa bibi yako. Unasema alikuwa na kitu. Naamini, na inafaa ujue kilikuwa kitu gani, maana watu wengi wanakumbuka wimbo wa Tukutendereza, "twakusifu" kwa Kiganda, na kusahau kazi iliyokuwa nyuma yake. Mwaka 1929, kilimani Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, na wote walikuwa wamekauka. Wakasoma Maandiko pamoja na kuomba. Miaka ya 1930 moto ukashika Gahini, ukaenda Kigezi, Ankole, Buganda, na kuelekea mwisho wa miaka hiyo ukavuka hadi Bukoba kwenu. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifariki Januari 1936 akiwa kijana, na neno lililobaki baada yake ni la Kiganda: zukuka, amka. Alikuwa akiwaambia watu waliobatizwa, wengi wao wakiwa na vyeo vya kanisa.

Walichokifanya wakiamka si kuhama. Hata mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walipofukuzwa, akiwemo William Nagenda, balokole, yaani waliookoka wa Uamsho huo, kwa sehemu kubwa walibaki katika kanisa lao, wakishiriki meza ileile na maaskofu waliogombana nao. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa mtu wa Uamsho huo, na mwaka 1977 akawa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, akiwa bado ndani ya kanzu na liturujia. Kazi yao kubwa waliiita kutembea nuruni: kusema dhambi kwa jina lake, kurudisha kilichoibwa, kuomba radhi ana kwa ana. Watu walirudisha majembe, ng'ombe, fedha za serikali, mashuka ya hospitali. Wazungu na Waafrika waliungamiana kiburi chao, jambo ambalo katika miaka ile ya ukoloni lilikuwa kama tetemeko la ardhi. Wimbo ulikuja baada ya ukweli kusemwa, ukiwa wa kushukuru. Ukiutoa ukweli ukabakiza wimbo, umepata desturi nyingine tu. Na Uamsho wenyewe haukupona hilo: salamu zikawa kanuni, mavazi na mikopo vikawa vipimo, na mnamo miaka ya 1970 Uganda kuna waliojitenga na ndugu zao kwa madai kwamba wale wamelala tena. Hakuna kanisa lisilokauka, la mdogo wako likiwemo. Lipe miaka tu.

Ndiyo maana narudi kwa wifi yako.

Ulimtaja kwa sentensi moja, kisha ukamfungia mlango: "lakini hilo ni la familia". Sijui nani alisogeza mpaka. Huenda umedhulumiwa wewe. Lakini Mathayo 5:23 haisemi ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Inasema "ndugu yako ana neno juu yako". Hesabu inaanzia kwake. Na haikwambii usubiri upate amani moyoni ndipo uende. Inasema iache sadaka, uende, upatane, kisha urudi uitoe. Sasa unaweza kuniuliza, si ndiyo hiyo hiyo kuacha madhabahu? Hapana. Kuna kuondoka madhabahuni kwa sababu una pa kwenda na utarudi, na kuna kuondoka ukaketi nyumbani kusubiri joto. Ya kwanza ni utii. Ya pili ni ile ya Molther. Wakristo wa mwanzo walilitilia maanani: Didake, mwongozo wa kale sana wa kanisa, sura ya 14, unasema mwenye ugomvi na mwenzake asijumuike mpaka wapatane, ili sadaka isitiwe unajisi.

Nenda kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu. Nenda asubuhi, si jioni watu wakiwa wamechoka au wamekunywa. Chukua mtu mmoja tu wa kuaminika kwa pande zote, asiwe mdogo wako wala mumeo. Jambo la kwanza kusema ni kosa lako, hata likiwa dogo kuliko lake: maneno uliyoyasema msibani, salamu ulizozikataa, yale uliyomweleza mama mkwe. Liseme kwa jina lake na usimalizie kwa "lakini na wewe". Hapo ndipo wengi huharibu. "Lakini" moja inafuta radhi yote. Usimdai akusamehe palepale. Mpaka wenyewe msiujadili siku hiyo. Huo utafutiwa siku yake, wazee na majirani wa pande zote wakiwepo na mimea ya mpaka ikiangaliwa, na kama ni ninyi mliosogea, rudisheni ardhi, si maneno. Kusamehe hakukulazimu uache haki yako ya shamba. Ni mambo mawili, na watu wengi hukataa la kwanza kwa kuogopa kupoteza la pili. Akikufungia mlango, Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu". Ukishafanya upande wako, nenda ukashiriki.

Kwa maisha ya sala ya kila siku nakushauri kitu kidogo cha wiki nne, wala usiongeze kwa kiherehere. Asubuhi dakika 15, kabla ya kugusa simu. Soma Zaburi moja kwa sauti mara mbili. Anza na ya 51, ya 63, ya 88 na ya 130, uzizungushe. Ya 88 inaishia gizani bila faraja yoyote, na imo katika Biblia makusudi. Kaa kimya dakika tano. Akili itatangatanga kwenda kwenye hesabu za kikundi. Irudishe bila kujigombeza, hata mara 30. Kisha mwambie Mungu jambo moja la kweli kwa lugha unayoitumia jikoni, Kihaya kikiwa ndicho kilicho karibu na moyo. "Sihisi kitu, na nimechoka kuigiza" ni sala kamili.

Usiku, dakika kumi: shukuru kwa jambo moja lililo wazi, omba mwanga, pitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka, taja kosa moja kwa jina lake, na uamue jambo moja la kesho. Moja, si saba. Mara moja kwa wiki toa sadaka mahali ambapo jina lako halitaandikwa, nje ya bahasha, kiasi chochote, na usimwambie mtu. Wewe unayeandika daftari la wengine utaona jinsi mkono unavyotamani kukiandika.

Wiki ya pili huwa ngumu. Utachoshwa, au utaanza kujipima kila asubuhi kama mtu anayefukua mbegu kuona kama imeota. Hapo usibadilishe mpango. Ignatius wa Loyola, Mkatoliki wa karne ya 16, aliweka kanuni ambayo imewafaa Wakristo wa kila upande: wakati wa ukavu usifanye mabadiliko yoyote ya uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Kuhama kanisa, kubatizwa tena, kuacha kwaya, yote yasubiri. Ukiona baada ya mwezi kwamba unakasirika kidogo kuliko zamani, unakiri haraka zaidi, unaweza kusikia jina la wifi bila tumbo kukaza, hizo ndizo dalili. Luther alizianza hoja zake 95 za 1517 kwa kusema maisha yote ya mwamini ni toba. Kuamka huko ni kwa kila siku, kama unavyoamka kitandani.

Ukihitaji kuungama, chagua mtu mmoja anayejua kunyamaza. Mchungaji wako ana wajibu huo kwa kuwekewa mikono. Usiungame kwenye kundi la WhatsApp, wala usitaje dhambi inayomfichua mtu mwingine. Na kokote utakakokwenda, ukiambiwa kuamka kunahitaji fedha, mafuta ya kununua, au kuacha dawa za presha, kisukari au ARV, toka siku hiyohiyo.

Nimeliacha la usingizi mwisho kwa sababu ndilo la kufanya kwanza. Kuamka saa tisa kila usiku kwa miezi miwili, chakula kutopita, na vitu ulivyovipenda kukosa ladha: katika umri wako hilo linaweza kuwa mabadiliko ya kukaribia ukomo wa hedhi, upungufu wa damu, tezi ya shingo, au sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona hukausha sala kama inavyokausha hamu ya kula, na mtu hudhani ni imani iliyokufa. Mungu anaweza kumwamsha mtu usiku, alimwamsha Samweli. Lakini Eliya alipotaka kufa jangwani, malaika alimlisha mara mbili, na katikati akamwacha alale tena, kabla Mungu hajamuuliza lolote. Kwa hiyo usiende kwenye mkesha wowote kwa sasa. Nenda kituo cha afya wiki hii, waambie dalili zote tatu na muda wake, waombe wapime damu na presha, na ueleze dawa unazotumia. Ukipata mawazo ya kutaka kufa, au hatia inayokurudia kwa dhambi ileile uliyokwisha kuiungama mara kumi, usisubiri wiki. Mwambie mtu leo, uende hospitali ukisindikizwa. Mweleze na mchungaji, ili asikupe mafungo juu ya mwili usiolala.

Wifi anaweza kungoja mpaka Jumamosi asubuhi. Mdogo wako naye usibishane naye; akikuuliza tarehe, mwambie bado unaitafuta, na umwombe akusindikize kliniki.